Mti wa Zizini kwa Bibi Wegesa

Mimi na baba mkwe wangu tumefanya kazi moja, kwenye banda moja, kwa miaka kumi na moja, na hatujawahi kushikana mkono. Mtu wa kuja huona ajabu. Kwetu Wakurya si ajabu. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hamkazii macho, wala hamkabidhi kitu mkononi. Ni soni na ni heshima. Ukiniuliza kama si usumbufu, nitakwambia ni usumbufu mtupu, lakini hata viatu vinabana na bado tunavivaa.

Banda letu liko Nkende, Tarime mjini, ng'ambo ya barabara ukitokea nyumbani kwetu. Tunakereza miti. Unafunga kipande cha gogo kwenye mashine, mota inakizungusha, nawe unakisogezea patasi taratibu mpaka litoke bakuli, mguu wa kitanda au kichwa cha fimbo. Mashine yenyewe aliiunda baba mkwe wangu, mzee Matiko, kwa vyuma chakavu na mota ya kinu cha kusagia mahindi. Mwanawe Jackson, ambaye ndiye mume wangu, hakuitaka kazi ile hata ya kuonja. Anaendesha malori kutoka Mwanza na hurudi mara mbili kwa mwezi. Mimi nilianza kwa kufagia maranda. Mwaka wa pili mzee aliweka patasi juu ya kisiki kilichopo katikati ya banda, akaigonga mara mbili, akasema huku ameutazama ukuta, "Mokamona, jaribu."

Mokamona ndiyo mke wa mwana. Nikajaribu, nikaharibu mguu wa kitanda cha watu, naye hakusema neno. Alichukua kipande kingine, akakiweka juu ya kisiki, akagonga tena mara mbili. Nilimpenda tangu siku hiyo, na sioni haya kulisema.

Kisiki kile ndicho kilichotuunganisha. Kitu chochote kikitoka kwangu kwenda kwake, au kwake kuja kwangu, huwekwa pale na kugongwa mara mbili: patasi, msasa, kipande cha mti, hata kikombe cha chai. Kazi yangu ni kukereza, yake ni kuchagua miti. Mpe kipande chochote, atakikwangua kwa ukucha, atakinusa, atakigusa kwa ncha ya ulimi, kisha atakwambia ni mti gani, ulikatwa masika au kiangazi, na kama utapasuka ukikauka. Watu walikuwa wanakuja kumjaribu na vipande vya mifukoni, wakaondoka wamenyamaza. Kwa hiyo mwaka huu alipoanza kunusa hata mbao za mkaratusi, ambazo mtoto wa chekechea anazijua, nilisema moyoni kwamba mzee sasa anaringa.

Mwezi wa sita tulipata oda ya mabakuli thelathini kutoka kambi moja ya watalii upande wa Natta. Walitaka mzeituni wa porini, ule wenye mistari ya kahawia na nyeusi kama maziwa yaliyomwagiwa kahawa. Mti huo hauokotwi njiani. Mzee alikumbuka kwamba rafiki yake mmoja wa Natta, Godwin, alikuwa na mzeituni mkubwa ulioanguka shambani mwaka jana.

"Twende tukauone kabla hawajaufanya kuni," alisema.

"Tutaenda na nini, Tata?"

Tata ndiyo baba. Lilikuwa swali la maana. Kwenye bodaboda moja hatuwezi kupanda, maana abiria lazima amwegemee dereva. Basi la Mugumu linajaza watu mpaka mnapumua kwa zamu. Tukachukua toyo letu, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Mimi niliendesha. Mzee alikaa nyuma kwenye bodi ya mizigo juu ya kigoda chake, amenipa mgongo, chuma kikiwa katikati yetu. Watu wa Nyamongo walitucheka sana. Nami niliwacheka, wamejazana watatu kwenye pikipiki moja.

Njia nzima mzee aliniuliza maswali. Mahindi ya huku yamefikia wapi? Mto Mara umejaa? Hao ng'ombe tunaowapita ni wangapi, wamenenepa? Nikawa napaza sauti kushinda injini, nikimweleza kila kitu, na kusema kweli nilifurahi. Nilidhani anauliza kwa sababu amekaa akitazama nyuma.

Natta tulifika saa saba mchana. Godwin alitupokea vizuri, akatukalisha, akatuletea uji, akaulizia habari za Tarime nzima, mtu mmoja mmoja. Mwenyeji akikuulizia mpaka habari za shangazi wa jirani, ujue ana jambo. Mwishowe akatupeleka shambani. Palikuwa na duara jeusi la majivu na vipande vya mkaa.

"Wiki mbili zilizopita," Godwin alisema, akikuna shingo. "Ada ya shule, mzee wangu. Ningejua mnakuja."

Mzee Matiko alipiga magoti, akachukua majivu kiganjani, akayanusa. "Ulikuwa mti mzuri," akasema, basi. Mimi sikuwa mpole kama yeye. Nilimwambia Godwin kwamba amechoma mabakuli mia moja ili achemshe maharage ya watu wa Mugumu. Alikubali kosa, akanipa kuku. Nilimpokea nikiwa bado nimenuna.

Tulirudi na kuku mmoja na bodi tupu. Tulipofika Nyambureti tairi la nyuma likapata pancha. Fundi wa pale alilichukua, akasema tusubiri saa moja, na saa moja ya fundi wa pancha kila mtu anaijua. Nyumba ya jirani ilikuwa ya bibi mmoja mrefu, mkavu, anaitwa Bibi Wegesa. Alituona juani, akatuita uani kwake tukae kivulini kwa ukuta. Uani kulikuwa na zizi kubwa la mawe ambalo ndani yake walikuwepo mbuzi wawili tu, na langoni miti mitatu ya kufungia imelazwa, laini kwa kusuguliwa na ngozi za ng'ombe miaka na miaka.

Bibi Wegesa alileta maji ya kunywa. Yeye si mkwe wa mtu pale, kwa hiyo alimnyooshea mzee kikombe mkononi. Mzee hakukipokea. Alikuwa anatabasamu, uso ameuelekeza zizini, na kikombe kikabaki hewani kati yao. Bibi Wegesa akakisogeza karibu, kisha akakipitisha mbele ya macho yake, huku na huku.

"Mama," akaniuliza bila kupunguza sauti, "huyu mzee wako haoni tangu lini?"

"Anaona," nilimjibu kwa ukali.

Bibi hakubishana. Alikiweka kikombe juu ya jiwe, kikalia. Papo hapo mkono wa mzee ukaenda moja kwa moja pale sauti ilipotokea, ukakishika, akanywa.

Nilikaa chini. Nilikumbuka kisiki, nikakumbuka kugonga mara mbili. Nikakumbuka mkaratusi aliokuwa anaunusa, na maswali ya njia nzima, na wiki iliyotangulia alipokwaruzwa na bodaboda mbele ya banda letu, tukamtukana dereva mtaa mzima. Miaka kumi na moja watu wananisifu kwamba simkazii macho baba mkwe wangu. Kwa kutomkazia macho sikujua kwamba macho yenyewe yamekufa. Kosa kama hilo nadhani tunaweza kulifanya sisi tu.

"Tata," nikasema. "Tangu lini?"

Alichezea kikombe kitambo. "La kushoto mwaka juzi. La kulia liliaga wakati wa kupanda mahindi. Ni presha ya macho. Likizo ya Desemba Nice alinipeleka hospitali, wakasema kilichokufa hakirudi."

Nice ni binti yangu, yuko shule ya bweni, ana miaka kumi. "Nice anajua?"

"Nilimwapisha. Usimchape."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Tata."

"Kifo kitanikuta bandani, nina kazi."

"Na barabara unaivukaje kila asubuhi?"

"Wewe unaburuta kandambili," alisema. "Mimi nafuata."

Hapo nililia. Nililia kwa hasira na kwa huruma pamoja, na Bibi Wegesa akawa anaendelea kuchambua mboga zake, amenipa nafasi. Nilipomaliza mzee aliniomba nisimwambie Jackson. Alijua mwanawe atafanya nini. Atampeleka kwa dada yake Jackson kule Sirari, nyumba yenye vigae na televisheni, awekwe kwenye kochi mpaka siku zake ziishe.

"Ni watu wema," mzee akasema. "Lakini kule hakuna maranda. Nitanusa nini?"

"Siwezi kumficha mume wangu," nilisema. "Barabara ile itakuua. Nikushike mkono mimi mwenyewe, kwenda na kurudi. Mungu hatakasirika."

"Mungu hatakasirika," alikubali. "Aibu nitaiona mimi. Kila siku, mbele ya wazee wenzangu. Nimekuheshimu miaka yote hiyo, mokamona, usininyang'anye hilo pia."

Heshima yake kwangu ilikuwa kitu alichokitunza kama anavyotunza patasi zake, nami nisingeweza kumpokonya kwa sababu tu sasa haoni. Lakini pia sikuwa tayari kumzika. Ndipo fundi akaita kwamba tairi liko tayari.

Mzee aliinuka akipapasa, mkono ukatua kwenye mti wa katikati wa lango la zizi. Akasimama. Niliona kidole kinakwangua. Akainama, akanusa, akaugusa kwa ulimi, palepale walipokuwa wanajisugua ng'ombe.

"Mama," akamwambia Bibi Wegesa, "huu mti nani aliukata?"

"Marehemu mume wangu. Alikuja nao kutoka milima ya Tarime, mwaka tuliohamia huku. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka hamsini na mbili, basi hesabu."

"Mzeituni," mzee akasema. Sauti yake ilibadilika. "Miaka hamsini umekauka kivulini kwa ng'ombe. Huu haupasuki tena, hata ukiuchoma moto unafikiri kwanza."

Ulikuwa mti mwembamba, bakuli la maana haliwezi kutoka humo. Nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba anajua, lakini mti wa namna ile mtu hauachi njiani. Bibi Wegesa alicheka. Alisema wanawe wako Mugumu na Musoma, ng'ombe waliuzwa zamani, na mbuzi wawili hawahitaji miti mitatu. Tuuchukue ule wa katikati. Alitaka mchi mmoja tu wa kutwangia, maana wake umepasuka. Nikamwachia na kuku wa Godwin. Mtendaji wa kijiji akatuandikia barua, kwa sababu siku hizi hata mti wa zizi unaulizwa cheti barabarani, na barua ile niliionyesha mara mbili kabla ya kufika Nkende.

Jioni hiyo nilimpigia Jackson simu, nikamwambia. Nikamsikia anapenga kamasi. Kisha akasema Jumamosi atakuja na gari ampeleke baba yake Sirari. Nilimwambia angoje. "Ningoje nini, Mama Nice? Agongwe?" Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na siku nne.

Mzee aliposikia kwamba nimesema, hakunikemea. Alikuja bandani asubuhi nyuma ya kandambili zangu kama kawaida, akakaa kwenye kigoda chake, akanyamaza. Kimya chake kiliniuma kuliko matusi. Niliburuta kandambili kwa makusudi sasa, mpaka vidole vikachubuka.

Siku ya pili, nikimsikiliza anavyopapasa kisiki kutafuta chai yake, wazo likanijia. Nilikaribia kujicheka. Miaka kumi na moja hatujawahi kugusana, na hatujawahi kushindwa kupeana chochote, kwa sababu katikati yetu palikuwa na mti.

Nilipima mti wa Bibi Wegesa, nikakata kipande cha mchi, kilichobaki nikakigawa mara mbili. Mashine yetu ni fupi, haifungi fimbo ndefu, kwa hiyo ilibidi vikerezwe vipande viwili na kuunganishwa. Kazi ya kukereza niliijua. Kilichonisumbua ni mkono wake. Ningetengenezaje mshiko wa mkono ambao sijawahi kuushika? Niliuona kwa mbali tu, kwa pembeni ya jicho. Kisha nikaichukua patasi yake ya zamani. Mpini wake ameushika miaka arobaini, na umelika: dimbwi dogo la kidole gumba, mabonde manne ya vidole, na mahali pamoja palipoinuka pasipoguswa, kwa sababu kidole chake cha mwisho kimepinda. Nilifumba macho, nikaupapasa mpini ule mpaka nikaujua. Halafu nikakereza, nikazima mashine, nikamalizia kwa kisu na msasa, nikafumba macho, nikalinganisha. Nilirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ilikuwa kama kusalimiana naye kwa mkono kwa mara ya kwanza, polepole, bila yeye kujua.

Mshiko wa upande wa pili niliufanya haraka. Mkono wangu ninao mwenyewe.

"Unakereza nini?" aliniuliza mara moja tu, siku ya Alhamisi.

"Mchi wa Bibi Wegesa."

Alivuta hewa puani. "Mchi mrefu huo," akasema.

Jumamosi Jackson alifika saa nne na gari la rafiki yake. Alikuwa ameshapakia begi la mzee na kigoda chake. Alikuja bandani amevaa shati la safari, macho mekundu, akamwamkia baba yake, akachuchumaa mbele yake kama mtoto. "Baba, twende. Ni kwa usalama wako."

"Najua," mzee akasema. Alianza kuinuka kwenye gogo alilokalia. Hakubishana, na hilo lilinitisha.

Niliichukua ile fimbo nyuma ya mashine. Nilikuwa nimeipaka nta usiku uliotangulia, inanuka mzeituni na asali. Nikailaza juu ya kisiki. Nikagonga mara mbili.

Mzee alisimama kama alivyokuwa. Mkono ukaja juu ya kisiki, ukaikuta. Kwanza akanusa. "Zizi la Wegesa," akasema. Vidole vikatambaa mpaka mwisho wa upande wake, vikaufikia mshiko, na kidole gumba kikaingia kwenye dimbwi lake, na kile kilichopinda kikakaa mahali pake. Alikunja mkono, akaukunjua, akaukunja tena. Kisha akafuata mti kwa mkono mwingine, akafika katikati.

"Kiungo umekiweka vizuri. Na huku mbele kuna nini?"

"Huko nashika mimi, Tata. Mimi natangulia, wewe unakuja nyuma. Katikati kuna mti."

Jackson alinitazama, akamtazama baba yake. "Mama Nice, watu watasema nini?"

"Watasema mkeo ameshika fimbo," nilimjibu. "Wakiwa na maneno mengine waje hapa niwasikie."

Mzee hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameufikia mshiko wangu. Vidole vyake vinene viliupapasa taratibu, bonde baada ya bonde, vikijaribu kuingia mle vidole vyangu vinapokaa na visienee. Alirudia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimtazama baba mkwe wangu usoni, wazi, mchana, bila kukwepesha macho.

"Mokamona," akasema. "Kumbe mkono wako ni mdogo hivi."

Jackson alitoka nje. Nilimsikia anafungua gari na kukishusha kigoda.